Arusha hadi Gerezani na kurudi: kusaka spea za mtumba za Land Cruiser HZJ75

Simulizi hii ya safari ya Gerezani, eneo la maduka ya spea jijini Dar es Salaam, imejengwa upya baada ya kurudi, kutoka daftari lenye madoa ya oili na picha za simu. Gari ni pikapu HZJ75 ya mwaka 1994, mashine 1HZ, gia boksi H55F. Mahitaji yalikuwa manne: silinda hedi (ya zamani ina ufa), difu ya nyuma, starta, na gia boksi kwa sababu gia ya tano inaruka. Bei zote ni za wiki ile.

Siku ya 1, Jumatatu. Arusha, chini ya gari

Siku hii ndiyo iliyookoa pesa kuliko zote, ingawa hakuna aliyetoka gereji.

Kazi ilianza kwenye kibati cha chumba cha injini, ukutani upande wa kabini. Kilisuguliwa kwa tambara lenye dizeli, kikapigwa picha mara tatu, moja bila flashi, kwa kuwa mwanga wa simu hufuta herufi zilizogongwa. Nakili mistari yote: modeli kamili, injini, chesisi, rangi, gia boksi na ekseli. Wengi hubeba namba ya chesisi peke yake. Namba hiyo humsaidia mwenye katalogi, na muuza spea za mtumba hana katalogi, ana macho. Herufi za ekseli kwenye kibati ndizo zinazomwambia aina ya difu na uwiano wake (propela inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja), basi zinakili kama zilivyo hata kama huzielewi.

Kisha linganisha kibati na chuma chenyewe. Gari la umri huu linaweza kuwa limebadilishwa injini. Soma namba kwenye bloku, hesabu nozeli: sita ni 1HZ, tano ni 1PZ, ndugu yake mdogo wa lita 3.5 anayefanana naye sana kwa nje.

Baada ya hapo, umeme. Land Cruiser nyingi za dizeli zina betri mbili, na betri mbili hazimaanishi volti 24. Fuata waya. Kama chanya imeungwa na chanya na hasi na hasi, umeme ni 12. Kama chanya ya betri moja inaingia kwenye hasi ya nyingine, ni 24. Zipo pia zenye taa za volti 12 lakini starta ya 24, zinazobadili muungano wa betri kwa rilei wakati wa kuwasha. Gari hili ni 12 kila mahali. Hilo liliandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa, maana Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani enzi hizo ni za volti 24, na mzigo mwingi wa mtumba unaofika Dar unatoka huko, moja kwa moja au kwa kupitia Dubai na Sharjah.

Mwisho, uwiano wa difu. Difu ya nyuma imelika, lakini ya mbele ni nzima na itabaki, kwa hiyo ya kununua lazima ioane nayo. Namna ya kuhesabu bila kufungua: weka gia nyutro, funga fri-hwili (kufuli za vitovu vya magurudumu ya mbele), inua gurudumu moja la mbele, lingine likae chini, piga alama ya chaki kwenye gurudumu na kwenye propela shafti. Gurudumu moja likishikwa, lililo huru huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kraun, gia kubwa ya duara ndani ya difu. Basi lizungushe mara 20, ambayo ni mizunguko kumi ya kraun, na uhesabu propela. Ikitoka 41 na kidogo, uwiano ni 4.11; ikitoka 37, ni 3.70. Hapa ilitoka 41. Ukihesabu mizunguko miwili tu, kosa la robo mzunguko linaweza kukupeleka pabaya.

Hedi ya zamani ilipimwa unene kwa vernia pembe nne, starta ikafungwa kwenye kiroba iende safari, na flenji ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela na kuizungusha kraun) ikachorwa kwenye kadibodi, matundu manne na duara la katikati. Kadibodi hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko picha zote.

Siku ya 2, Jumanne. Barabarani

Basi la saa 12 asubuhi, nauli shilingi 45,000, kiroba cha starta chini ya kiti. Moshi, Same, Hedaru, Mombo. Kusimama Korogwe kwa wali na kuku, 8,000, na machungwa ya dirishani. Mizani ya Vigwaza ilikuwa na foleni, na kutoka Kibaha hadi stendi ya Magufuli, Mbezi, ilikuwa mwendo wa kinyonga. Kufika ni saa 12 jioni.

Ushauri kwa atakayefuata: lala karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi. Laini ya Gerezani inakushusha mlangoni mwa maduka, na asubuhi inashinda gari lolote. Usipange kununua siku ya kufika. Jioni macho yamechoka na maduka yanataka kufunga, ndipo mtu anaponunua ili tu amalize.

Siku ya 3, Jumatano. Gerezani: starta na hedi

Ukishuka tu mawinga, madalali wa mtaani, wanakupokea. Si watu wabaya. Wanajua duka gani lina nini, na kamisheni yao imo ndani ya bei. Ukiwa na winga, usimpe orodha nzima. Orodha ndefu inamwambia kila muuzaji kwamba gari limelala na mwenyewe hana budi. Itajwe spea moja, inunuliwe au ikataliwe, ndipo itajwe nyingine.

Starta kwanza. Duka la kwanza lilitoa moja safi, imepakwa rangi, likaigusisha kwenye betri ya volti 12 pale pale kaunta, ikazunguka. Hapa ndipo watu wengi huliwa. Starta ya volti 24 isiyobeba mzigo huzunguka hata kwa volti 12. Taratibu kidogo, lakini kwenye kelele za mtaa husikii tofauti. Ukiifunga garini inavuta injini kivivu, fundi analaumu betri, unanunua betri mbili mpya, na gari haliwaki. Rangi ilipokwaruzwa kidogo, lebo ikaonekana: 24V. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akairudisha rafu nyingine.

Soma lebo ya bodi na maandishi ya solenoidi yake, zote mbili, kwa kuwa starta za mtumba huunganishwa kutoka mbili. Isiyo na lebo kabisa, acha. Namba ya Toyota ina mafungu mawili ya tarakimu tano. Fungu la kwanza linataja aina ya spea: 28100 ni starta, 27060 ni altaneta, 11101 ni silinda hedi. Fungu la pili likianza na 17, spea ni ya familia ya 1HZ, 1PZ na 1HD. Likianza na 60, mara nyingi ni ya bodi au chesisi ya Land Cruiser. Ukijua hilo tu, unaweza kuchambua rafu nzima bila kumuuliza mtu.

Iliyonunuliwa ilitoka duka la tatu. Fundi umeme mmoja wa kibarazani, ambaye hakuwa anauza chochote, alifungua kifuniko cha nyuma kwa spana yake na kuonyesha makaa (brashi za kaboni): marefu, yanashuka vizuri, na komyuteta, duara la shaba yanakosugua, haina mfereji. Meno ya bendiksi, gia ndogo ya starta, yalihesabiwa kando ya starta ya zamani, masikio ya bolti yakalinganishwa. Bei ilianza 420,000, ikaishia 300,000 pamoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Fundi umeme alikataa malipo, akakubali soda.

Hedi ilichukua siku iliyobaki. Iliyo chini ya jina la "hedi ya Land Cruiser sita silinda" inaweza kuwa ya 1HZ au ya 1HD-T, ndugu yake yenye tabo, na zote mbili zina valvu 12. Igeuze. Hedi ya 1HZ ina vyumba vidogo vya awali, vizibo sita vya chuma vya mviringo vilivyokaa sawia na uso wa hedi, kwa kuwa dizeli huanza kuwaka humo kabla ya kufika kwenye pistoni. Ya 1HD-T hurusha dizeli moja kwa moja kwenye bakuli la pistoni, kwa hiyo uso wake hauna vizibo hivyo. Haziingiliani hata kidogo. Kati ya hedi tano zilizoonekana, moja ilikuwa ya 1HD-T, na muuzaji aliamini kwa dhati ni ya 1HZ.

Nne zilizobaki zilipitia mlolongo mmoja. Vifuniko vya kamshafti (shafti inayofungua valvu): vipo vyote, na namba zake zinafuatana? Vifuniko hutobolewa vikiwa vimefungwa kwenye hedi yake, kwa hiyo cha hedi nyingine kitaibana kamshafti au kuilegeza hata kama bolti zinaingia. Hedi ya kwanza ilifia hapa. Ya pili ilikuwa nyembamba kuliko vipimo vya Jumatatu kwa karibu milimita moja. Imeshachongwa, na kila ichongwapo valvu husogea karibu na pistoni. Ya tatu, ufa.

Ufa wa 1HZ hujificha kati ya viti vya valvu mbili au kutoka kiti cha valvu kuelekea chumba cha awali. Masizi huufunika. Brashi ya waya na petroli kwanza, kisha paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke, nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Muuzaji wa hedi ya tatu alitazama mstari ule unavyojitokeza, akaichukua mwenyewe kuirudisha ndani bila ubishi.

Ya nne haikuchora kitu. Rula ya chuma ilipita juu yake kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, filageji (kibamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.10 haikuingia popote. Bei ikasimama kwenye 1,400,000. Kikatolewa kishika uchumba cha 200,000, kwa makubaliano yaliyoandikwa nyuma ya risiti: ikifeli kipimo cha maji, pesa inarudi.

Chakula cha siku: mihogo ya kukaanga saa nne, wali maharage kwa mama ntilie saa tisa. Aliyetoa maji ya kunawa mikono yenye grisi alitoa na sabuni ya unga bila kuombwa.

Siku ya 4, Alhamisi. Maji, halafu Ilala

Guta lilibeba hedi mpaka karakana ya mashine kwa 5,000. Kupima ni kuziba njia zote za maji kwa bamba na raba, kuingiza upepo, na kuizamisha kwenye maji ya moto. Yawe ya moto kweli, kwa kuwa ufa uliobana kwenye baridi hufunguka chuma kikipanuka. Foleni ya karakana ilikula muda wa saa nne. Gharama 40,000. Hakuna povu. Mwenye duka alilipwa salio mchana.

Difu ilitafutwa Ilala, kwenye yadi zenye ekseli zilizopangwa kama kuni. Sheria ya kwanza: nunua difu kamili na kibebeo chake (chuma kinachoshika gia za difu), usinunue kraun na pinioni kutoka difu mbili. Meno hayo husagwa pamoja kiwandani na hubeba namba moja ya jozi. Ukiyachanganya yatalia mpaka yavunjike. Sheria ya pili: hesabu meno. 37 kwa 9 ni 4.11. Utakutana pia na 41 kwa 10, yaani 4.10, kutoka Land Cruiser za baadaye. Tofauti yake na 4.11 ni kama robo ya asilimia, karibu sawa na tairi jipya na lililolika milimita moja, kwa hiyo huvumilika. Lakini 37 kwa 10, yaani 3.70, iliyo kwenye baadhi ya Land Cruiser za zamani kama FJ60, ni tofauti ya asilimia kumi. Gari litatembea vizuri kwa magurudumu mawili na hutajua chochote. Siku utakayoingiza nne kwenye ardhi kavu, mbele na nyuma vitavutana, na kitakachokufa ni gia za transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Difu mbili za 3.70 zilitolewa kwa jina la 4.11. Nyingine ilikuwa nzuri lakini ina loki ya umeme ya kiwandani. Hiyo inadai hausingi yake, haikai kwenye hausingi ya kawaida bila kuikata. Usiichukue kwa sababu tu bei imekaa vizuri.

Saa kumi mvua ikanyesha, yadi ikageuka tope, na mlinzi akafungua kontena lake watu wajibanze humo. Humo ndani, nyuma ya viti vya basi, palikuwa na difu iliyofunikwa turubai. 37 kwa 9. Oili iliyobaki ilikuwa ya rangi ya asali bila chembe za chuma zinazong'aa. Meno hayana ukingo uliomeguka wala madoa ya kutu ya maji. Kraun ikitikiswa huku pinioni imeshikwa, mchezo ulikuwa mdogo na ule ule pande zote nne. Mchezo unaobadilika ukizungusha ni dalili ya kraun iliyopinda au beringi iliyochoka. Kadibodi ya flenji ikakaa kama kofia. Hilo la flenji lisidharauliwe: ikiwa matundu hayalingani, mtu atakushauri uhamishe flenji ya zamani, na kufungua nati ya pinioni kunaweza kuharibu mkazo wa beringi uliopangwa kwa kipimo.

1,150,000. Mlinzi alishukuriwa kwa 10,000.

Siku ya 5, Ijumaa. Gia boksi haipo, kuagiza Sharjah

H55F nzima zilizopatikana Dar zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na shafti ya klachi isiyolingana na ya gari hili. H55F si moja. Idadi ya meno ya shafti ilibadilika katika uhai wake, ya kuingilia klachi na ya kutokea kwenye transfa. Hesabu zote mbili kabla hujatuma pesa kokote. Na usikubali R151F kwa maneno kwamba "hii ni ya 1HZ pia". Ni kweli ilifungwa nyuma ya 1HZ kwenye HZJ78 na HZJ79 za miaka ya 2000, lakini ni gia boksi nyingine kabisa, na ukiichukua utabadilisha na mengine mengi.

Agizo lilipitia mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mtu wake kwenye yadi za Sharjah. Ujumbe uliotumwa haukuwa "gearbox ya Land Cruiser". Ulikuwa na namba ya modeli kutoka kwenye kibati, picha ya gia boksi ya zamani pande nne huku futi ikiwa imewekwa juu yake, idadi ya meno ya shafti zote mbili, na maombi matatu: video fupi ya mtu akiingiza gia zote tano huku anazungusha shafti kwa mkono, picha ya oili iliyomwagwa kwenye sahani nyeupe, na picha ya meno yenyewe na wino wa alama kwenye jino la kwanza ili yahesabike. Muuzaji wa kwanza hakujibu. Wa pili alituma video usiku ule ule. Malipo yaligawanywa, nusu kabla ya kupakia, nusu ikifika Dar, kwa kontena la kuchangia. Oili imwagwe yote na matundu yazibwe kabla ya kupakiwa. Gia boksi inayovuja huchafua mizigo ya wenzako na inaweza kuachwa bandarini.

Jioni, kufungasha. Hedi ilitengenezewa kreti ya mbao, uso wake umepakwa grisi na kufunikwa plaiwudi, 30,000. Difu ilifungwa kwenye tairi bovu, ambalo lilipatikana bure na linalinda kuliko kreti. Kirikuu mpaka stendi 25,000, parseli ya basi 70,000 kwa yote mawili. Andika namba ya simu kwenye mzigo wenyewe kwa rangi, karatasi hubanduka. Starta ilirudi chini ya kiti.

Siku ya 6, Jumamosi. Kurudi

Mananasi, usingizi, Arusha saa moja usiku. Hedi ilikuwa imefika. Difu ilishushwa Moshi kwa makosa na ikafuata Jumapili. Kondakta wa basi lingine aliipakia bila kudai nauli ya pili.

Siku ya 8 hadi 10. Kufunga

Starta iliingia kwa dakika 20.

Difu: propela chini, ekseli zikavutwa, kibebeo kikatoka. Kabla ya kuweka kingine hausingi ilioshwa kwa dizeli mara mbili na sumaku ikapitishwa sakafuni, kwa sababu vumbi la chuma la difu iliyokufa huua inayofuata. Oili sili mpya, silikoni mpya, oili ya GL-5 80W-90 mpaka ichungulie tundu la kujazia. Ile hesabu ya chaki ilirudiwa, mbele na nyuma, kabla gari halijashushwa: 41 na kidogo kote.

Hedi ilileta kasoro moja iliyopita machoni pa wote. Tundu moja la stadi ya manifoldi ya moshi lilikuwa limekwanguka uzi, limejaa masizi kiasi kwamba lilionekana zima. Lilitobolewa na kuwekewa uzi mpya wa koili, 20,000 na nusu siku. Ukienda dukani beba bolti moja ya kila ukubwa, uiingize kwa mkono kwenye kila tundu. Hakuna muuzaji atakayekukatalia.

Kuna vitu havinunuliwi mtumba kabisa kwenye kazi hii: gasketi ya hedi, bolti zake, taiming belti, sili. Gasketi ya 1HZ ina unene wa madaraja, unaotambulika kwa vikato vya pembeni, na daraja huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Bolti hukazwa kwa nguvu maalumu kisha huzungushwa kwa nyuzi, kwa hiyo hurefuka. Bolti iliyorefuka tayari haishiki tena inavyopaswa.

Injini iliwashwa Jumatano jioni. Baada ya kupoa, rejeta iliongezwa maji kidogo, kisha safari ya kilomita 60 na kifuniko kikafunguliwa asubuhi yake: maji yale yale, hakuna povu, hakuna oili.

Wiki ya 6

Gia boksi ilifika Dar ikiwa kavu, na wino ule ule kwenye jino la kwanza. Meno yalihesabiwa tena bandarini kabla ya nusu ya pili kulipwa. Yalikuwa sawa.